Jina Moja katika Hati Zote

Katika bonde la Kilombero, nchini Tanzania, ambako Wandamba, Wapogoro na Wabena wamekaa kwa dahari pamoja na wageni waliovutwa na mpunga na miwa, mtu mmoja aghalabu huwa na majina kadhaa: la ubatizo au la chuoni, la babu, na lile la mtaani ambalo mji mzima wa Ifakara humwitia. Jambo hilo ni neema, nami nalipenda; lakini karani hana budi kushika jina moja tu, na hapo ndipo hitilafu huzaliwa.

Kijana aliyebatizwa Yohana, akaandikwa John katika cheti cha kuzaliwa na Johanes katika cheti cha kidato cha nne, machoni pa kompyuta ni watu watatu; kadhalika Saidi na Said, ilhali masikioni mwetu ni jina lile lile. Na namba ya kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20 zinazoanza na mwaka wa kuzaliwa, hufungamana na jina lililoandikwa siku ya usajili.

Basi kabla ya kushika kalamu, mwombaji wa hati yoyote na aweke mbele yake cheti cha kuzaliwa, anakili herufi kwa herufi jina la kwanza, la kati na la ukoo kwa mpangilio ule ule, wala asifupishe la kati. Akikuta kosa katika cheti, asilifute kwa wino, bali akipeleke cheti hicho kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Na anayetaka kubadili jina hasa, huapa hati maalumu mbele ya wakili, kisha akaisajili kwa Msajili wa Hati.