Hesabu za Ulaya, joto la Afrika: meli ya anga iliyokusudiwa kutua Umakondeni

Ukisimama ukingoni mwa mji wa Newala, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandaa hadi Msumbiji. Mwezi Novemba 1917, meli ya anga yenye urefu wa mita 226 ilitumwa kutoka Bulgaria ije kutua kwenye uwanda huu wa Makonde. Ilibeba takriban tani 15 za risasi, bunduki za rasharasha, dawa na bendeji kwa ajili ya jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck.

Jeshi hilo lilikuwa limebanwa. Baada ya vita vikali vya Mahiwa katikati ya Oktoba, Waingereza waliendelea kulisukuma kusini, na watu wa Masasi na Newala walilipa gharama ya vita visivyo vyao: chakula chao kilichukuliwa, na vijana wakageuzwa wapagazi.

Wajerumani hawakubuni chombo kipya kwa safari hiyo. Walichukua ramani na hesabu za meli zao za Bahari ya Kaskazini, wakaongeza mita 30 katikati ili ipatikane nafasi ya mifuko zaidi ya gesi. Ya kwanza kurefushwa hivyo, L57, iliharibiwa na dhoruba huko Jüterbog mapema Oktoba 1917. Kwa kuwa kazi ya hesabu ilikuwa imekwisha kufanyika, meli nyingine iliyokuwa ikijengwa Staaken, karibu na Berlin, ilirefushwa kwa vipimo vilevile. Hiyo ndiyo L59, na kabla Oktoba haijaisha ilikuwa imeshapaa. Bila hesabu zilizokuwa tayari, kasi hiyo isingewezekana hata kidogo.

Mpango wenyewe ulikwenda mbali zaidi. Umakondeni hapakuwa na kiwanda cha haidrojeni, kwa hiyo meli isingerudi. Hata maji ya kuweka uzito yangekuwa shida, maana udongo wa kichanga wa uwanda ule hunywa mvua yote, na kwa miaka mingi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuyafuata. Basi wahandisi walipanga kila kiungo kipate kazi ya pili: kitambaa cha nje kishonwe mahema, mifuko ya gesi iwe ya kulalia, ngozi ya njia ya kupita ndani iwe viatu, na mifupa ya duralumini isimamishwe kuwa mnara wa redio.

L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba chini ya Kapteni Ludwig Bockholt. Ilivuka Mediterania, ikaingia jangwa la Misri. Hapo ndipo anga ilipoanza kutofautiana na ile iliyozoeleka.

Mchana jua kali lilipasha haidrojeni, ikavimba na kutoka kwa vali. Usiku jangwa lilipopoa, gesi iliyobaki ilisinyaa, meli ikawa nzito na kuanza kushuka, ikabidi mabaharia watupe mizigo ili isigonge ardhi. Injini ya mbele iliharibika, na ndiyo iliyoendesha jenereta ya redio. Tangu hapo waliweza kupokea ujumbe lakini si kuutuma. Baada ya usiku wa manane kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, walipokea amri ya kurudi, kwa kuwa Berlin ilipata habari kwamba eneo la kutua limeshaingiwa na Waingereza. Waliteremka Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na kilomita zaidi ya 6,700. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck, aliyekwisha kuiacha Newala, alikuwa akivuka Ruvuma huko Ngomano.

Katika matangi yalibaki mafuta ya saa 64. Hesabu ya umbali, kwa hiyo, ilikuwa sahihi kabisa. Iliyowatesa ni hesabu ya joto na baridi. Baadaye chombo hicho kilichojengwa ili kivunjwevunjwe Umakondeni kiligeuzwa cha kudondosha mabomu, kikashambulia Napoli Machi 1918, na tarehe 7 Aprili kikalipuka juu ya mlango wa bahari wa Otranto na kuua wote 21 waliokuwamo.

Maadui nao walirithi kazi ya Wajerumani. Waingereza waliichunguza L33 iliyoangushwa Essex mwaka 1916, wakajenga R34, na Julai 1919 ikavuka Atlantiki kwenda na kurudi. Wamarekani walichukua mfano wa L49, iliyotekwa Ufaransa Oktoba 1917, wakajenga Shenandoah. Lakini L49 iliundwa nyepesi ili ipande juu sana, tena kwa haidrojeni. Wamarekani walitia heli, gesi ghali, na ili isipotee ovyo waliondoa vali 10 kati ya 18 za kujifungua zenyewe. Tarehe 3 Septemba 1925 dhoruba ya Ohio iliikata vipande, watu 14 wakafa. Ubishi kuhusu zile vali haukuisha upesi.

Leo kazi ile ya ramani na rula hufanywa na modeli za kompyuta, na majeshi hayataki kulipia modeli ileile mara tano. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipitisha mfumo wa pamoja wa kuunganisha programu za uigaji, ili ya rada, ya ndege na ya kombora ziweze kufanya kazi pamoja. Mwaka 2000 ukawa kiwango cha IEEE. Ni hatua kubwa, na inaokoa fedha za umma. Ila mfumo huo unahakikisha programu zinaelewana tu. Hauwezi kusema kama modeli ya injini iliyopimwa kwenye baridi ya Ulaya inafaa kwa joto la bonde la Ruvuma.

Jibu hilo liko katika daftari la masharti: modeli ilipimwa kwenye joto gani, mwinuko gani, unyevu gani, na nani alithibitisha. Nchi inayonunua ndege isiyo na rubani au rada ya mpakani ina haki ya kulidai daftari hilo kabla ya kutia saini, na kurudia vipimo vichache hapa nyumbani, mchana wa Novemba na alfajiri ya Julai, kabla chombo hakijakabidhiwa kwa askari.