Homa Pamoja na Mguu Usiokanyaga: Usidhani ni Malaria Tu

Ikiwa unaishi Kisumu au popote ufuoni mwa Ziwa Victoria, toka Usenge hadi Mbita, mtoto akishikwa na homa neno la kwanza kinywani mwako huwa ni malaria. Hukosei, kwani maradhi hayo ni wenyeji huku. Lakini je, umemtazama miguu?

Mtoto mwenye homa anayechechemea, anayekataa kukanyaga au anayelia ukimgusa goti, huenda ana viini ndani ya mfupa au kiungo. Mtoto mchanga huenda asipate homa kamwe. Utamwona ameulaza mkono au mguu mmoja, na analia anapobadilishwa nepi. Hata damu ikipatikana na malaria, mguu bado wahitaji kuchunguzwa. Maradhi mawili yaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

Wazazi wengi hukumbuka kwamba mtoto alianguka majuzi, wakampeleka akakandwe. Usaha haukandwi, mzazi mwenzangu.

Mweleze daktari siku maumivu yalipoanza na dawa ulizompa. Usikimbilie dawa za kuua viini dukani, kwani huweza kukificha kiini kinachotafutwa katika damu. Kiungo kikivimba, daktari huvuta maji yake kwa sindano aone kama ni usaha. Picha ya eksirei isikutulize: mfupa mgonjwa waweza kuonekana mzima wiki ya kwanza, hata ya pili.

Wenye watoto wa selimundu, au siko seli, muwe macho zaidi, kwani ugonjwa huo umeenea sana kandokando ya ziwa. Maumivu yake ya kawaida hufanana na ya mfupa wenye viini, na viini vya salmonela huishambulia sana mifupa ya watoto hawa. Homa isiposhuka na maumivu yakang'ang'ania mahali pamoja, usiseme "ni yale yale".

Usaha ukikaa kiungoni siku chache tu waweza kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Akiwahiwa, hutolewa usaha, akatiwa dawa mshipani na kupona. Zahanati ikishindwa, omba barua ya kwenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu wameizoea kwa jina la Russia.

 Mguu ukikataa kukanyaga Jumapili, usingoje Jumatatu.