Maji ya Kisima na Rangi ya Meno

Msafiri ashukaye Chaka, katika njia ya Nanyuki kupita Kiganjo, huenda akatiliwa chai na kijana mzuri wa sura ambaye meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. Wengi wetu watu wa pwani huhukumu papo hapo: huyu hajui mswaki. Hukumu hiyo ni dhulma. Nimepata kuisikia hata katika mambo ya posa, binti wa watu akikataliwa kwa rangi ya meno aliyolelewa nayo.

Madoa yale si uchafu, wala hayasuguliki yakatoka. Chanzo chake ni madini ya floraidi, ambayo maji ya ardhini huyabeba kutoka katika mawe ya volkano. Uchunguzi wa maji ya visima vya Kenya uliochapishwa mwaka 1984, wenye sampuli zaidi ya 1,000, ulikuta asilimia 61 zimezidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zimezidi 5. Mikoa iliyoongoza ni Nairobi, Bonde la Ufa na Kati. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Ajabu ya Mola ni kuwa kitu hichohicho, kikiwa kidogo, ni ngao ya meno. Daktari wa meno Frederick McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta wenyeji wana meno ya kahawia; baadaye ikabainika kuwa meno hayo yalikuwa hayaozi upesi. Sababu ilijulikana mwaka 1931. Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kutia floraidi katika maji ya mfereji, kiasi cha miligramu 1 kwa lita, na kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa baada ya hapo kukapungua kwa zaidi ya nusu.

Kazi yake ni hii. Tulapo halua au kunywa chai ya sukari, vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, nayo hung'oa madini katika gamba gumu la jino. Mate huyarudisha madini hayo taratibu. Floraidi ikiwamo katika mate, gamba hujengeka tena likiwa gumu zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo faida yake kubwa ni pale inapoligusa jino, si inapomezwa. Mswaki wa mti ni sunna na husafisha vyema, mimi siuachi. Lakini dawa ya meno yenye floraidi huongeza kinga, asubuhi na kabla ya kulala, na katika Ramadhani baada ya daku kabla ya alfajiri. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele, aliyezidi hapo hadi miaka sita kiasi cha punje ya mbaazi, naye afundishwe kutema.

Basi jamaa zetu waliohamia Chaka na Nyeri kwa biashara wafanyeje? Kwanza waulize maji yao yatoka wapi. Ya mito itokayo mlimani kwa kawaida yana floraidi kidogo. Ya kisima kirefu cha mashine yanahitaji kupimwa. Mtu mzima meno yake hayatageuka rangi tena, ingawa kiwango kikubwa mno kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Wa kuhofiwa ni mtoto, tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, kwani ndipo meno ya ukubwani yanapoumbika ndani ya ufizi. Mama anayekoroga maziwa ya unga kwa maji ya kisima kibaya humpa mwanawe madoa ya maisha bila kujua. Maziwa yake mwenyewe yana floraidi chache mno, hata kama yeye anakunywa maji hayo. Kuchemsha hakuondoi kitu: maji hupungua, floraidi hubaki. Maji ya mvua ya paa safi ni bora. Na magadi ya kulainishia maharage nayo hubeba floraidi, wakati mwingine nyingi.

Kule Nakuru, idara ya maji ya Dayosisi Katoliki imewahi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nimeulizwa mara kadhaa kama maji hayo yafaa kunywewa na kutawadhia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mfupa wa mnyama aliyechinjwa kisharia ni tohara; wa mzoga ni najisi, na kuuchoma hakuutoharishi, ingawa Wahanafi wana kauli nyepesi zaidi. Ng'ombe wa machinjio mengi ya nchi hii huchinjwa na Waislamu. Mwenye kununua kichujio na amuulize muuzaji mifupa imetoka machinjio gani, na mkaa wake hubadilishwa baada ya muda gani, kwani mkaa uliokwisha nguvu huacha floraidi ipite yote.