Kongoro, Senene na Bondo: Fizikia Iliyomo Jikoni Mwetu

Wanafunzi wapenzi, pamoja na wazazi mnaosomewa jarida hili nyumbani, makala hii ni deni. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la jioni alikuwa akisoma Sura ya Al-Mulk. Alipofika aya ya 19, inayotuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, akauliza: "Ustadhi, ndege anashikwa na nini asianguke?" Tulimjibu haraka kuwa anashikwa na uwezo wa Mwenyezi Mungu. Jibu lile ni sahihi, lakini mtoto alitaka kujua pia uwezo huo unapita njia gani. Siku ile hatukumwambia.

Tuanze na kanuni moja aliyoiandika Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687: kila kinachosukuma, nacho husukumwa kwa nguvu ile ile kuelekea upande wa pili. Watoto wa Kemondo, na wale wa visiwa vya Muleba kama Bumbile na Ikuza, wanaijua kanuni hii hata kama hawajaisoma. Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni, mtumbwi hurudi nyuma, na asiyejihadhari huangukia majini. Basi mnyama yeyote anayetaka kwenda mbele lazima apate kitu cha kukisukuma nyuma. Anayekimbia husukuma ardhi, anayeruka angani husukuma hewa, na anayeogelea husukuma maji. Viungo vya kazi hiyo tunavyo jikoni, tena tunavila.

Sikukuu ya Idd el-Hajj ikifika, tazameni mguu wa ng'ombe kabla haujakatwakatwa. Nyama nene yote iko juu, pajani. Huku chini kuna mfupa, ngozi na kano tu, ndiyo maana kongoro huchemshwa kwa saa nyingi. Kwa nini nyama haikuwekwa chini? Chukua jembe, shika mwisho wa mpini na ulipunge hewani. Kisha ligeuze, shika karibu na chuma, ulipunge tena. Mara ya pili ni rahisi zaidi, ingawa uzito wa jembe haukubadilika. Mguu wa mnyama akimbiaye hupungwa mbele na nyuma kila hatua, kwa hiyo uzito ukikaa juu, nguvu nyingi huokolewa. Kano nazo hufanya kazi ya mpira: mguu ukikanyaga huvutika, ukiinuka hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ile.

Senene hatuna haja ya kumtambulisha kwa mtu wa Bukoba. Mwezi wa Novemba na Desemba, taa kali zinapowashwa usiku na mabati yakasimamishwa, kila mtu huwa mtaalamu wake. Lakini ni wangapi wamemtazama kabla ya kumnyonyoa? Miguu yake ya nyuma ni mirefu kupita miguu mingine, na faida yake ni hii: mguu mrefu unaponyooka hubaki ukiisukuma ardhi kwa umbali mkubwa zaidi, na mwili huondoka na kasi kubwa zaidi. Akishajirusha ndipo mabawa yanapokunjuka na kuanza kuipiga hewa. Sisi hunyonyoa miguu na mabawa tukatupa, maana yake tunatupa injini na kukaanga abiria!

Sasa turudi kwa ndege wa yule mwanafunzi. Bawa huielekeza hewa chini, na hewa humsukuma ndege juu. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo lazima isukumwe nyingi, ama kwa kupiga mabawa, ama kwa kwenda mbele upesi huku mabawa yamekunjuliwa. Lakini mwewe wa Bukoba mara nyingi hapigi mabawa kabisa. Mchana jua huipasha nchi kavu joto haraka kuliko ziwa, upepo ukavuma kutoka ziwani. Ukifika kwenye kuta za milima iliyo nyuma ya mji hauna pa kupita ila juu, na mwewe hupanda nao bure bila nauli.

Katika karne ya 9, huko Qurtuba katika Andalusi, Abbas ibn Firnas alijivika manyoya na mabawa akajaribu kuruka. Mwanahistoria al-Maqqari ameeleza kuwa alikwenda umbali fulani hewani, lakini aliumia mgongo wakati wa kutua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Mtazameni kunguru anapotua: huutandaza mkia na kuinua kifua ili hewa imzuie. Tunampenda mzee huyu kwa ujasiri wake, ingawa hatumshauri mtu kupanda juu ya paa!

Tumebakiza samaki, na hapa tutakaa zaidi. Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Uzito huo ni taabu, kwa sababu hukupinga kila unapokwenda, ndiyo maana sangara amechongoka mbele na nyuma. Pia ni rehema, kwa sababu maji humbeba. Akitikisa mkia huyasukuma maji nyuma, na hana haja ya kutumia nguvu nyingi ili asizame, kwa kuwa ndani ya tumbo lake mna mfuko wa hewa. Mfuko huo ndio bondo. Kilo ya mabondo makavu huuzwa ghali kuliko kilo ya nyama ya sangara, na mengi huishia China.

Wavuvi wamewahi kuona sangara aliyevutwa haraka kutoka kilindini akifika juu tumbo limevimba, pengine na utumbo umesukumwa hadi mdomoni. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 30, bondo limebanwa takriban mara nne. Likipandishwa ghafla hutanuka kwa kiasi hicho hicho, na sangara hana njia ya kuitoa hewa upesi.

Hewa iliyofungiwa ndiyo inayoelea, iwe katika bondo au katika chuma. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilielea kwa muda kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Tundu lilipotobolewa ili watu waokolewe, hewa ile ikatoka na meli ikazama. Waliofariki ni zaidi ya 800, na nyumba nyingi za Bukoba na Muleba bado zinawataja. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sisi hatuna bondo, tuna mapafu. Mapafu yakijaa, mwili huelea kidogo tu, kiasi cha uso kubaki juu. Mtu aliyeingiwa na hofu majini anaweza kupiga kelele, hewa ikatoka, kisha akainua mikono kuomba msaada. Mkono ulio nje haubebwi tena na maji, na uzito wake hulala juu ya mwili uliobaki, hivyo kichwa hushuka. Kwa hiyo ukiteleza kutoka mtumbwini, lala chali, masikio yaingie majini, vuta pumzi uishikilie kidogo, toa upesi uvute tena, na mikono yote miwili ibaki chini ya maji. Wazazi, wafundisheni watoto jambo hili mkiwa nao, mahali ambapo maji hayapiti kiuno cha mtoto.