Kwa Nini Nyundo Humtii Mtu Mwembamba

Mmeniuliza swali zuri sana, wapwa zangu. Mmeniuliza: "Mjomba, yule mchimbaji wa Kamatanda ni mwembamba hivyo, mbona nyundo kubwa inamtii? Na mbona jirani yetu mnene aliishika mara moja tu akaiacha?"

Mtoto anayeuliza hivyo ametazama vizuri. Wengi hupita njia ileile kila siku bila kuona kitu. Basi sogeeni, kaeni hapa. Leo nitamwachia Nyundo mwenyewe ajibu.

Si ile nyundo ya kupigilia misumari. Ni nyundo ya kupasulia mawe. Kichwa chake cha chuma kina kilo 4 au 5, na mpini wake wa mti ni mrefu, unakaribia mita moja. Hapa Kamatanda, pembeni mwa mji wa Likasi, nani asiyemjua? Wachimbaji humtumia kupasua mwamba wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Mtazameni jioni, kazi ikiisha. Pale juu, karibu na chuma, mpini una vumbi la kijani. Pale chini umekuwa mweusi na laini kwa jasho la viganja. Sasa pale katikati? Katikati nako pamelainika. Nani amepalainisha? Shikeni swali hilo.

Nyundo akasema: "Mimi ni mzito, lakini uzito wangu haukai mahali pamoja."

Mtoto akauliza: "Haukai vipi? Kwani ukila unanenepa?"

Nyundo akacheka. "Sili, mwanangu. Nishike hapa, karibu na kichwa. Unaona? Nanyanyuka. Sasa nishike kule mwisho wa mpini, uninyanyue kwa kifundo cha mkono tu. Unaona? Sinyanyuki. Chuma ni kilekile. Mpini ni uleule. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni umbali."

Nyundo amesema kweli. Kichwa chake kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye ngumi yako, kinakielemea kifundo kidogo tu. Kikiwa sentimita 80, chuma kilekile kinakipindua kifundo kwa nguvu mara 8. Watu wa fizikia huzidisha uzito kwa umbali, basi. Na kifaa kinachofanya kazi kama mpini huu wanakiita wenzo. Mnaweza kujaribu sasa hivi kwa ufagio wenye mpini mrefu. Ushike katikati, kisha ushike mwishoni. Ufagio haukuongezeka hata gramu moja, lakini kifundo chako kitalalamika.

Sasa turudi kwa yule mchimbaji. Mtazameni mikono yake, msimtazame kifua. Anapomnyanyua Nyundo, mkono mmoja uko juu, karibu na chuma. Umbali ni mfupi, kwa hiyo Nyundo ni mwepesi. Nyundo akishafika juu na kuanza kushuka, mkono ule unateleza kwenye mpini, unateleza, unateleza, mpaka unakutana na mwenzake kule chini. Sasa umbali ni mrefu. Kichwa kinakwenda mbio, na jiwe linapasuka. Akinyanyua tena, mkono unapanda tena. Huo mkono unaopanda na kushuka kutwa nzima ndio uliolainisha pale katikati. Jirani yenu alishika mwisho wa mpini kwa mikono yote miwili akavuta. Alishindana na umbali, na umbali haumwogopi mtu mnene.

"Lakini Mjomba, nguvu yenyewe iko wapi? Iko kwenye kifundo?"

Swali zuri! Gusa kifundo chako. Kuna mifupa na ngozi tu, nyama ni haba. Sasa shika kigasha, yaani hapo kati ya kifundo na kiwiko, ukunje ngumi na kuifungua. Unasikia kitu kinachezacheza? Hiyo ndiyo misuli inayoongoza kifundo na vidole. Ni sawa na breki za zile baiskeli zinazoshuka na magunia ya makaa. Unabana mkononi, lakini gurudumu linashikwa kule mbali. Katikati kuna waya. Waya wa mkono wako unaitwa kano. Kano zinatoka kwenye misuli ya kigasha, zinapita kifundoni ndani ya ala zake, zinakwenda kuvuta vidole. Basi mtu anayetaka kifundo chenye nguvu anajenga kigasha na kano zake.

"Na anajengaje?"

Nyundo akasema: "Hapo ndipo ninapokuwa mwalimu. Lakini sifundishi watoto. Mwite kaka mkubwa, aliyekwisha kukua."

Kaka akaja. Nyundo akamwambia: "Kwanza kagua kabari yangu." Kabari ni kile kipande kilichopigiliwa juu ya mpini ili kichwa kisichomoke. Ikilegea, chuma kinaruka, na chuma kinachoruka hakichagui wa kumpiga. Kaka akakagua. Kabari ilikuwa imekaza.

"Sasa simama wima. Mkono uning'inie ubavuni. Nishike karibu na kichwa, na kichwa changu kielekee mbele. Ninyanyue kwa kifundo tu. Kiwiko kisisaidie. Bega lisisaidie. Halafu nishushe polepole. Sasa nigeuze, kichwa changu kielekee nyuma. Ninyanyue tena kwa kifundo tu. Sasa kunja kiwiko, unisimamishe wima. Nilaze kushoto, nisimamishe. Nilaze kulia, nisimamishe."

Kaka akafanya mara kumi bila kutetemeka. Akataka kukimbilia mwisho wa mpini.

"Hapana," Nyundo akasema. "Rudisha mkono kidole kimoja tu. Wiki ijayo, ukiweza, kidole kimoja tu. Na katikati unipumzishe siku moja au mbili."

"Kwa nini kidole kimoja tu?" Kaka akauliza.

Kwa sababu misuli na kano havikui kwa mwendo mmoja. Misuli inapata damu nyingi, inaongeza nguvu ndani ya wiki chache. Kano zinapata damu kidogo, zinahitaji miezi. Mwenye haraka anapata misuli inayoweza kuvuta na kano ambazo hazijawa tayari kuvutwa. Hapo ndipo kifundo kinavimba. Nimewaona vijana hodari wakiacha kazi kwa uvimbe huo, na inanisikitisha, maana dawa yake ilikuwa subira tu.

Wako waliofika mbali sana. Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, alikuwako mtu mrefu aliyeitwa Slim Farman. Alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe, mtu wa nyundo kama hawa wetu. Alishika nyundo mbili, moja kila mkono, mikono imenyooka, vichwa vya chuma vikiwa juu. Akavishusha taratibu kwa vifundo tu, vikaja, vikaja, mpaka karibu na uso wake. Kisha akavirudisha juu. Viwiko havikukunjwa. Msijaribu! Yeye alijenga vifundo hivyo kwa miaka mingi ya kupasua mawe.

Na hapa kwetu Kongo? Mwaka 1879 msafiri mmoja kutoka Ulaya, Stanley, alifika Vivi, sehemu za chini za mto Kongo, si mbali na ilipo Matadi leo. Alikuja kukata barabara kwenye miamba. Wenyeji wakampa jina la Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo mtalikuta kwenye vitabu vya historia. Lakini barabara nzima haikukatwa na mtu mmoja. Nyundo zilishikwa na vibarua, na wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar, waliosema lugha hii tunayosema. Majina yao hamtayakuta kwa urahisi. Mimi nikisikia Bula Matari, nawakumbuka wao.

"Mjomba, na sisi je? Tushike nyundo?"

Hapana, wanangu. Nitawaambia sababu. Kifundo kina mifupa midogo 8. Siku uliyozaliwa, hata mmoja haukuwa mfupa. Yote ilikuwa gegedu laini. Inakuwa mifupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, ulio mdogo kama punje ya njegere, kwa kawaida huonekana kwenye picha ya eksirei mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 12. Ndiyo maana daktari anaweza kupiga picha ya mkono wako akakadiria mifupa yako imefikia umri gani. Mkono unaojengwa bado haubebeshwi chuma.

Na shimoni msiende. Najua wapo watoto wanaoponda na kuosha mawe. Kosa si lao, lakini jambo hili haliko sawa, na sichoki kulisema. Sheria ya nchi yetu ya kumlinda mtoto, ya 10 Januari 2009, inakataza kumtia mtoto katika kazi za hatari. Nyundo mwenyewe anawakataa. Msikilizeni.

Mnachoweza kufanya ni hiki. Chukueni fimbo nyepesi, msiifunge kitu. Inyanyueni kwa kifundo tu, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kamueni nguo zilizofuliwa. Na anayetaka kumwona bingwa wa vifundo, aende jikoni bukari, yaani ugali, inapoanza kukaza. Mtazameni mama anavyozungusha mwiko, mkono mmoja umeshika sufuria. Kisha muombe mwiko uzungushe mara tano tu. Utaelewa.

Mdogo wenu wa mwisho, yule asiyeisha maswali, Mungu amlinde, akauliza: "Nikianza leo na fimbo, Nyundo nitamshika lini?"

Mifupa ya kigasha humaliza kurefuka mtu akiwa na miaka 16 mpaka 18 hivi, wasichana mapema kidogo kuliko wavulana. Subiri mpaka hapo, kisha anza karibu na kichwa. Na siku yoyote ukisikia kifundo kinachoma, hata kama ni hiyo fimbo, weka chini uje uniambie.