Kutoka "mashua" hadi "account for": msamiati unavyokaa kichwani

Swali la Jiografia linasema: "Account for soil erosion in hilly areas." Chukua mwanafunzi wa kidato cha nne kule Mpitimbi, Songea Vijijini. Mmomonyoko wa udongo anaujua vizuri tu, makorongo anayaruka akienda shamba. Anajaza ukurasa mzima: mmomonyoko ni nini, una aina ngapi. Tatizo, hakuulizwa hayo. "Account for" maana yake toa sababu. Maksi zimekwenda, na Jiografia anaijua.

Hapa kwetu msamiati wa Kiingereza hauishii kwenye somo la Kiingereza. Mtoto wa Mpitimbi huenda anaongea Kingoni nyumbani, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, halafu kuanzia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Na matokeo ya kidato cha nne na cha sita ndiyo yanayoamua chuo. Kibaya zaidi, "describe", "explain" na "account for" kwenye madaftari mengi yana tafsiri moja: eleza. La kwanza linataka useme kitu kilivyo, la pili kinatokeaje au kwa nini, la tatu linataka sababu.

Sasa wengi wetu tunajifunzaje maneno haya? Tunapiga msuli. Orodha mkononi, unasoma, unarudia, mpaka macho yanayazoea. Na hapo ndipo tunapojidanganya, maana kulizoea neno na kulikumbuka ni vitu viwili.

Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha kwenye jarida la Science utafiti ambao Mswahili akiusoma lazima atabasamu. Waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, mfano "mashua" na "boat". Makundi yalikuwa manne, ila tofauti yenyewe ni rahisi. Neno likishapatiwa mara moja, wengine waliendelea kupimwa, wengine waliendelea kulisoma tu bila kupimwa. Wiki moja baadaye, walioendelea kupimwa walikumbuka takriban 80%. Waliosoma tu, 36%. Wale walioliacha kabisa neno wakishalipatia, bila kulisoma wala kupimwa, walipata 33%. Yaani kule kusoma tena na tena kuliongeza karibu sifuri! Na walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokuwa inajengeka kichwani mwake.

Kwa nini iwe hivyo? Kila unapolivuta neno kutoka kichwani bila kuchungulia, njia ya kulifikia inaimarika. Ukisoma orodha, jibu liko mbele yako, kwa hiyo hakuna kilichovutwa. Ile hali ya kukuna kichwa ukitafuta neno, ambayo wengi tunaiona dalili ya kushindwa, ndiyo kazi yenyewe.

Jambo la pili ni muda. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo dakika kumi kwa siku sita zinashinda saa nzima ya Jumapili.

Vifaa? Huhitaji simu wala bando. Kata boksi la sabuni upate kadi ndogo. Mbele andika neno ndani ya sentensi ya mtihani, nyuma maana. Tafuta bahasha tatu: ya kwanza unajipima kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukipatia, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi ya kwanza. Mbinu hii inatokana na mwandishi Mjerumani Sebastian Leitner, tangu mwaka 1972.

Maneno gani? Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, fani zote. Familia zisikutishe. Anayejua pika, mpishi, mapishi na pikiwa ameshazoea mchezo huu, kwa hiyo "vary", "variable" na "variation" kwake ni mzizi mmoja. Ukienda na familia kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, orodha yote utakuwa umeianza ndani ya miezi mitatu.

Kuna kitu kimoja kadi hazikupi. Neno unalolitambua si lazima uweze kuliandika. Kwa hiyo baadhi ya kadi zigeuze: anza na Kiswahili, "toa sababu", kisha andika sentensi yako ya Kiingereza kuhusu kitu unachokijua, bei ya mahindi au mbolea iliyochelewa. Mwalimu au rafiki akikusahihishia tano kwa wiki, zinatosha kuanzia.