Mwalimu akitoka darasani, nani anaongoza?

Msikilizaji wetu, kama ulisoma shule ya msingi bila shaka unaikumbuka karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu anatoka, kiranja anasimama mbele na kuandika majina. Wengine wananyamaza kwa kuogopa fimbo. Wengine wanampa kiranja andazi ili jina lifutwe.

Andazi lile ni dogo, lakini somo lake ni kubwa. Mtoto anajifunza kwamba kanuni inafanya kazi mkubwa akiwepo tu, na kwamba inaweza kununuliwa.

Hapa Mpemba jambo hili linatugusa. Tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na mpaka wa Tunduma uko jirani. Mzazi akiwahi shambani au kwenye biashara, mtoto anabaki na uamuzi wake: aende shule, au akauze karanga kwenye malori? Saa hiyo hakuna wa kumwandika jina. Anahitaji kujiongoza mwenyewe.

Wapo wanaosema mtoto akipewa nafasi ya kusema atakosa adabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka yote mawili pamoja. Inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na inamtaka awaheshimu wazazi na wakubwa wake. Kinywa kinachosema shikamoo kinaweza pia kutoa hoja.

Tunaanzaje? Darasani, mwanzoni mwa muhula, wanafunzi na mwalimu wakubaliane kanuni nne au tano, na kila kanuni ielezwe sababu yake. Kiranja achaguliwe kwa kura, na kwa muda maalumu. Aliyechafua afagie, aliyetukana aombe radhi mbele ya aliyemtukana.

Nyumbani, tutenge jioni moja kwa wiki. Nani anachota maji? Nani anachunga mbuzi? Simu inatumika mpaka saa ngapi? Watoto waseme mpaka mwisho bila kukatizwa, kila mmoja kwa zamu. Kisha mzazi aamue, akieleza sababu. Mzazi bado ni mzazi, ila naye azifuate kanuni. Kama simu zinawekwa kando wakati wa kula, na yake iwekwe.

Mtoto huyu akifika miaka 18 ataingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, ambako mapato na matumizi yanasomwa. Kama hakuwahi kusikilizwa, atakaa kimya hata fedha za zahanati zikipotea, au atasimama kutukana. Na kama alizoea kufuta jina lake kwa andazi, siku ya uchaguzi atauza kura yake kwa kilo ya sukari.

Leo jioni, kabla hujamwambia mwanao nyamaza, muulize kwanza alitaka kusema nini.